Mama Kulabu aliacha mkate, akasahau maji

Anaigusa chupa ya maji kwenye mkoba wake. Anaigusa tena, kama mtu anayehakikisha hajaacha funguo mlangoni, kisha anashika ngazi ya chuma na kuanza kupanda.

Mbingu ndiyo kwanza inapauka. Chini yake saiti nzima imekwisha amka: vibarua wanavaa mabuti, mafundi nondo wanakaza waya za mwisho, na lori la kwanza la zege linanguruma getini likizungusha tumbo lake. Leo wanamwaga paa. Jengo lina ghorofa kumi na nne, na baada ya hapa hakuna pengine pa kupanda.

Zege halina subira. Likianza kumwagwa, ni ndoo baada ya ndoo mpaka pembe ya mwisho ifunikwe. Likikatizwa muda mrefu, la nyuma linakauka kabla ya kushikana na la mbele, na hapo unabaki ufa unaongoja mvua. Kwa hiyo anayepanda kwenye winchi asubuhi kama hii anajua kwamba atashuka kazi ikiisha, si kabla.

Mpandaji huyo ni mwanamke wa miaka arobaini na saba. Saiti nzima inamwita Mama Kulabu. Hata mumewe, fundi viatu, akimpigia simu kazini huanza na "Mama Kulabu, chumvi imekwisha."

Ana mwaka wa tisa akiendesha winchi, ule mnara wenye mkono mrefu unaonyanyua mizigo juu ya vichwa vya watu. Hulipwa karibu mara mbili ya kibarua wa chini, na kwa hela hiyo amesomesha watoto watatu. Kibanda chake kiko karibu meta sitini kutoka ardhini. Vibarua wanadai kwamba huko juu upepo unaweza kukuvua soksi ukakuachia viatu, na kwamba kunguru mmoja alionekana akishuka kwa ngazi kwa kuogopa kuruka.

Mama Kulabu hakanushi. "Yule kunguru namfahamu," anasema. "Tulipishana. Alinisalimu."

Lakini leo hasemi hayo kwa kucheka. Kwenye ukingo wa paa amesimama mwanamume mwembamba mwenye kofia ngumu ya njano na redio ya mkononi. Ni mpiga ishara wake, macho yake ya chini. Kila ndoo ya zege, tani mbili na ushee, itapita juu ya kichwa cha mtu huyo. Na mtu huyo ni mume wa mdogo wake.

Wiki saba zilizopita, shemeji huyo nusura abaki chini ya ndoo. Tangu siku ile hawajamwaga zege pamoja. Msimamizi wa saiti ametamka mbele ya watu kwamba mzigo ukisimama tena hewani bila sababu, kiti cha juu kitapata mtu mwingine.

Redio inakwaruza.

"Umefika, shemeji?"

Mama Kulabu anabofya kitufe mara mbili. Tk-tk. Maana yake: nimefika, nakusikia.

*

Kisa chenyewe kilianza na usingizi.

"Si usingizi wa kupiga miayo," anasema. "Ni kama mtu amekuja nyuma yako na blanketi lililoloa, akakufunika taratibu, akakwambia pole mama, pumzika."

Ulikuwa ukimjia mchana, jua likikigonga kioo cha kibanda. Kichwa kinauma upande mmoja, macho yanakuwa mazito, vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Siku moja aliuona mzigo wa mbao unaning'inia mbele yake, akajiuliza ni nani aliyeunyanyua. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba winchi ni moja na dereva ni yeye.

Hakumwambia mtu pale kazini. Dereva wa winchi anayekiri kwamba anasinzia ni sawa na mpishi anayekiri kwamba hanawi mikono. Alimwambia mdogo wake peke yake.

Mdogo wake ni msusi. Saluni yake ina viti vitatu na madaktari thelathini, maana kila mteja anayekaa pale ana ugonjwa aliopona na dawa iliyomponya. Humo ndimo msusi alimosikia habari ya gluteni, akaacha ngano mwenyewe, akaona tumbo limepungua na miguu haimchoki tena kusimama. Basi alipomsikia dada yake analalamika, hakungoja.

Alichukua unga wa ngano, akaukanda donge, akaliweka chini ya bomba na kuliosha. Aliosha mpaka ule weupe wote ukaenda na maji. Mkononi kikabaki kitu cha kijivu kinachonata.

"Dada, vuta."

Mama Kulabu akavuta. Kitu kikavutika kama mpira, kikarudi.

"Hiyo ndiyo gluteni. Ndiyo inayokaa tumboni mwako kutwa nzima, inavuta huku, inavuta kule. Utaachaje kusinzia?"

"Mbona shemeji anakula mkate kila siku na hasinzii?"

"Yule anaongea. Anaiyeyusha."

Shemeji mwenyewe, ambaye pale saiti anaitwa Spika kwa sababu hajawahi kuonekana amefunga mdomo, alikuwepo. Alilichukua lile donge akalirusha ukutani, likanata. Anaapa kwamba lilikaa pale wiki nzima na kwamba alikuwa akilitundikia kofia yake. Mkewe anasema ni uongo, lilikaa siku tatu, na lilikuwa linabeba mwavuli tu.

Dawa ilikuwa na sehemu ya pili: kufunga kwa saa. Chakula cha usiku kiishe mapema, halafu kusiingie kitu tumboni mpaka mchana wa siku inayofuata. Mwili ukikosa cha kusaga, msusi alieleza, unageukia akiba yake, na nguvu inakuja yenyewe.

Mama Kulabu alianza siku ya pili yake. Mkate, biskuti na tambi vikaaga dunia. Akawa mtu wa wali, viazi, mayai na matunda, na vyote hivyo baada ya adhuhuri. Mumewe, ambaye hajawahi kuona asubuhi isiyo na mkate, alijikuta anakula jikoni amegeukia ukuta, kama mtu aliyeiba.

"Wiki ya kwanza nilikuwa mwepesi," anasema. "Nilipanda ngazi kama nimefukuzwa. Nikasema, kumbe miaka yote hii nilikuwa nabeba mkate."

Kuna neno moja, hata hivyo, ambalo mdogo wake alilisema na yeye akalipokea kwa sikio moja. Maji ruksa. Kunywa maji kadiri unavyotaka, alfajiri, asubuhi, wakati wowote.

Kule juu hakuna choo. Kuna kiti, kioo, vishikio viwili na feni inayopuliza joto lilelile. Madereva wanaume hupanda na chupa tupu na hawapendi kuulizwa ni ya nini. Mwanamke anayetaka kujisaidia lazima ashuke ngazi yote, avuke saiti nzima mbele za watu, kisha apande tena, na muda huo wote mafundi wamekaa wakimngoja. Mwaka wake wa kwanza alishuka namna hiyo mara moja. Msimamizi wa wakati ule alimuuliza, kwa sauti ya kusikika, kama kibofu chake nacho kinalipwa mshahara.

Hakushuka tena. Alijifunza kuanza kazi akiwa mkavu. Kikombe cha mwisho jioni, kisha hakuna tone mpaka akanyage ardhi siku inayofuata. Miaka tisa.

"Nilipoambiwa kufunga nilifurahi kuliko mdogo wangu alivyojua," anasema. "Nikaona kumbe hata huu mchezo wangu wa siku zote una jina lake zuri. Maji sikukatazwa na mtu. Mimi ndiye niliyeyakataza."

*

Ili kuelewa kilichotokea wiki saba zilizopita, sharti ujue jinsi dereva na mpiga ishara wanavyofanya kazi.

Mara nyingi dereva haoni mzigo unakotua. Anasikia tu. Mpiga ishara husema "shusha, shusha, shusha" bila kukatiza, na kadiri sauti inavyoendelea, ndivyo ndoo inavyoendelea kushuka. Sauti ikikatika, hata kwa chafya, mikono ya dereva inaachia na mzigo unasimama. Haulizwi kwa nini. Hilo halina mjadala kwenye winchi yoyote, kwa sababu huenda aliyenyamaza ameanguka.

Dereva naye hasemi maneno. Anabofya mara mbili kwa kila agizo. Spika anasema tk-tk za shemeji yake anazijua kama anavyojua hatua za mkewe barazani: za hasira, za haraka, za mtu aliyeshiba.

Siku ile walikuwa wanamwaga ghorofa ya kumi na mbili. Kazi ilitakiwa kuisha kabla ya adhuhuri, lakini lori moja liliharibika njiani, na yaliyokuwa nyuma yake yakakwama. Jua likapanda. Kibanda kikawa tanuri. Chakula cha Mama Kulabu kilikuwa chini, kwenye kabati la nguo, kwa kuwa alitarajia kukila akishashuka.

"Nilianza kusikia bofyo moja," Spika anakumbuka. "Nikajiambia kidole kimeteleza. Halafu linakuja moja, limechelewa. Halafu ndoo iko juu yangu hapa, mimi na mafundi wanne, nyuma yetu ukingo. Nikamuuliza, shemeji, uko sawa?"

Redioni ikaja sauti, si bofyo. Sauti nzito, ya mtu anayeongea na mto wa kulalia.

"Shusha."

Spika, anaposimulia hapa, anaacha kutabasamu.

"Neno hilo ni langu. Dereva halisemi, hata kwa mzaha. Nikajua huyu hayupo. Amebaki ananiimbia wimbo wangu mwenyewe."

Ndoo ilikuwa inashuka. Mafundi waliinua nyuso, mmoja akiwa na koleo, wakingoja kama kawaida. Spika alifikiri kupiga kelele ili amsimamishe. Lakini mtu aliye kati ya kuwepo na kutokuwepo ukimshtua atavuta chochote alichoshika, na tani mbili zikicheza zitawafagia wote watano mpaka ng'ambo ya ukingo.

Basi akafanya jambo ambalo hakuna aliyemjua aliyedhani analiweza. Akaushika wimbo wake tena, akalegeza sauti. Shusha. Shu-sha. Shu.

Akanyamaza.

Ndoo ikasimama juu yao, karibu kiasi kwamba fundi mwenye koleo angeweza kuigusa kwa mpini.

"Kichwa chake kilikuwa kimelala," Spika anasema. "Mikono ilikuwa kazini."

Aliwaondoa mafundi kwa mkono, mmoja mmoja, bila kutamka neno, maana neno lolote lingeingia redioni. Msimamizi akaja mbio akiuliza kwa nini zege linaning'inia.

"Redio imekufa, bosi. Chaji."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Taa ndogo ya kijani ya redio ilikuwa inawaka. Spika aliifunika kwa kidole gumba.

Kisha akaikabidhi redio kwa fundi mwenye koleo, akamwonya asifungue mdomo, akachukua chupa yake ya maji na mkate wake wa mchana, akaenda kwenye ngazi ya mnara. Hapo ieleweke kwamba Spika, anayetembea kwenye ukingo wa ghorofa ya kumi na mbili kama yuko sebuleni, anaogopa ngazi. "Sakafu ni sakafu, hata iwe mbinguni," anasema. "Ngazi ni fimbo zenye nafasi katikati." Alipanda macho amefumba. Anadai alitambua amefika pale kichwa chake kilipogonga mlango.

Ndani alimkuta shemeji yake ameegemea kioo, midomo imepauka kama ya mtu aliyekula chaki, mikono bado juu ya vishikio. Alifunga breki. Akamwekea chupa mdomoni.

Mama Kulabu akaisukuma.

"Nikinywa nitashukaje?"

"Ushuke kufanya nini?"

Aliangalia chini, kule kwenye choo cha bati upande wa pili wa saiti, kidogo kama kiberiti. Hapo ndipo Spika alipoelewa kitu ambacho hakukijua kwa miaka yote ya kuwa macho yake.

"Kunywa, shemeji," akamwambia. "Mkojo ukikushinda humu, mimi nitawaambia imenyesha."

Akanywa. Akanywa tena. Spika akammegea mkate.

"Una gluteni," Mama Kulabu akasema kwa unyonge.

"Na mimi nina mke. Kula."

Ulikuwa mkate mkavu, hauna hata siagi, umefungwa kwenye gazeti. Mama Kulabu anasema hajawahi kula kitu kitamu kama kile, na hatarajii tena. Baada ya muda macho yalifunguka, vidole vikarudi kuwa vyake. Akaishusha ile ndoo mahali salama, nje ya vichwa vya watu, akazima mtambo.

Dereva wa kuazima alipopatikana kutoka saiti nyingine, zege lilikuwa limekwisha shika. Ikabidi ukingo ukwanguliwe kwa nyundo na patasi ndipo waendelee. Kazi ya siku mbili, jasho la watu, na maneno ya msimamizi yaliyosikika mpaka barabarani. Yote juu ya redio ya Spika.

Asubuhi iliyofuata Mama Kulabu aligonga mlango wa ofisi ya bati.

"Redio ilikuwa nzima," akasema. "Mimi ndiye niliyezimika."

*

Kwenye zahanati, muuguzi alimsikiliza habari ya donge la kijivu, ya kufunga, ya mumewe anayekula akitazama ukuta. Akaandika kidogo, akauliza swali moja.

"Mama, unakwenda haja ndogo mara ngapi kwa siku?"

"Nikiwa kazini?"

"Kwani kazini una figo nyingine?"

Mama Kulabu anasema hapo muuguzi aliweka kalamu chini.

Aliyoambiwa siku ile anayarudia kwa wenzake bila aibu. Mwili usio na maji unaumwa kichwa, unasinzia, unaona kizunguzungu, hata ukiulisha vipi. Kufunga chakula kunawafaa baadhi ya watu, na wengine hakuwafai, lakini si kwenye kibanda cha moto baada ya kupanda ngazi, halafu bila tone la maji. Na ule wepesi wa wiki ya kwanza? Pengine ni kwa sababu alikuwa anakula jioni mapema na kulala vizuri.

Kuhusu ngano, muuguzi alisema wapo watu ambao miili yao inaikataa kwelikweli, na hao sharti waiache. Damu inapimwa. Ila ili kipimo kiseme kweli, lazima mtu awe anaila.

"Umeacha, halafu unataka kupima," alimwambia. "Ni kama kumtafuta mpangaji aliyekwisha hama. Rudi kwenye mkate, kisha uje tena."

Akarudi kwenye mkate. Mumewe alinunua wa kutosha harusi. Majibu yalitoka wiki iliyopita: ngano haina kesi naye.

Msusi ndiye aliyepata shida kuliko wote. Siku mumewe alipomsimulia ndoo ilivyosimama, aliinuka, akafagia saluni ambayo ilikuwa imekwisha fagiliwa. Siku mbili hakumpigia dada yake simu. Ya tatu alikuja mwenyewe, akakaa jikoni bila kuvua mtandio.

"Nilikupa dawa ya saluni, dada. Na aliyekuwa chini ya ndoo ni wangu."

"Dawa yako ilikuwa na maji. Mimi ndiye niliyeyatoa."

"Ungeniambia habari ya choo."

"Ningekwambia nini? Kwamba miaka tisa nabana?"

Msusi bado hagusi mkate, na anasema anajisikia vizuri. Hana mpango wa kuubadilisha mlo wake kwa sababu ya majibu ya mtu mwingine. "Lakini mimi nasuka," anasema. "Nikizimika, mteja atatoka na mistari iliyopinda. Atanitukana, atakuwa hai."

*

Jua la leo limefika utosini. Nusu ya paa imefunikwa na chupa ya Mama Kulabu imebaki robo. Tk-tk zake, Spika anasema, ni za mtu aliyepata kifungua kinywa: mayai mawili na vipande vya mkate, kabla ya alfajiri.

Mwezi huu amemwomba msimamizi kitu kimoja. Ruhusa ya kushuka katikati ya zege, wakati lori moja limeondoka na jingine halijafungua mdomo. Msimamizi alimjibu "tutaona", neno ambalo kwa lugha ya saiti halimaanishi ndiyo wala hapana.

Sasa ndoo tupu imetua chini. Lori linalofuata liko getini, linarudi kinyumenyume, linapiga honi. Mafundi juu ya paa wanapangusa jasho. Msimamizi ameangalia saa yake mara mbili.

Redioni, pale ambapo pangesikika tk-tk, inasikika sauti.

Spika anasema moyo wake ulianguka ukafika ghorofa ya nne.

"Nashuka," Mama Kulabu anasema.

Msimamizi anainyakua redio mkononi mwa Spika.

"Mama, lori liko getini."

"Nimeliona kabla yako. Ndoo iko chini, breki nimefunga, hakuna kitu hewani. Nashuka kukojoa."

Redio hizo zinasikika saiti nzima. Kwa dereva wa lori, kwa mpika chai, kwa vibarua walioko ghorofani. Mtu mmoja anaanza kucheka, anagundua yuko peke yake, anaacha.

Msimamizi anatazama zege. Fundi mmoja anapiga goti, anachomeka kidole kwenye ukingo wa lile lililomwagwa mwisho. Kidole kinaingia.

"Bado laini," anasema.

"Fanya haraka basi," msimamizi anamwambia redioni.

"Kwenye ngazi sifanyi haraka."

Anashuka. Inaonekana buti moja, kisha jingine, kisha mkoba. Anavuka saiti kwa mwendo wake wa kawaida, na wanaume arobaini wanajikuta wote kwa pamoja wana shida na kamba za viatu. Choo cha bati hakina komeo. Fundi mwenye koleo, yuleyule, ametangulia bila kuagizwa na amesimama mbele ya mlango akiupa mgongo, koleo begani kama mlinzi wa benki.

Juu ya paa, kidole kinachomekwa tena. Kinaingia, lakini si kama mwanzo. Msimamizi haangalii saa tena, anaangalia ngazi.

Mama Kulabu anarudi. Anajaza chupa yake kwenye bomba la saiti, anaifunga, anaanza kupanda. Katikati ya mnara anasimama kuvuta pumzi, na chini hakuna anayemhimiza.

Tk-tk.

"Nyanyua, shemeji. Nyanyua, nyanyua, nyanyua."

Ndoo inapanda. Zege jipya linaangukia la zamani, koleo linayachanganya, na pale yalipokutana haionekani hata alama.

Wanamaliza alasiri. Ndoo ya mwisho inateremka kwenye pembe ya mwisho, Spika akiiongoza kwa sauti iliyokauka, mpaka inagusa. Ananyamaza. Inasimama. Wote wawili wanakaa hivyo kitambo, mmoja juu, mmoja chini, hakuna anayehitaji kubofya.

Jengo linalofuata ni refu zaidi, na kampuni imekwisha mwuliza kama atakuja. Ametoa masharti. Choo chenye komeo chini ya mnara wenyewe, si upande wa pili wa saiti. Dereva wa pili wa kupokezana, na siku ya zege wote wawili wawepo. Msimamizi alisema tutaona, lakini jana alionekana kwenye kiwanja kipya akipima kwa hatua nafasi iliyo karibu na mahali pa mnara, na akaweka tofali kuiwekea alama.

"Nataka kustaafu nikiwa kwenye kile kiti," Mama Kulabu anasema akivua glavu. "Na kila nikishuka, nishuke kwa miguu yangu."

Spika anamkabidhi kipande cha mkate kilichofungwa kwenye gazeti, kisha anakumbuka kitu. Mkewe ametuma ujumbe. Kuna mteja amekuja saluni na habari ya maji ya tango, unakunywa alfajiri, siku nzima huchoki.

Mama Kulabu anatafuna kwanza, anameza.

"Mwambie nitajaribu," anasema. "Siku ambayo huyo mteja atakuja mwenyewe kusimama chini ya ndoo."